Nilivyoandaa kumbukumbu ya rafiki yangu, mtu wa maigizo na wa vikao

Watu kadhaa wameniuliza ile kumbukumbu tuliifanyaje mpaka wageni wakawa wanabishana hadi ukumbi unataka kufungwa, kwa hiyo acha niandike mara moja niwe nimemaliza.

Marehemu alikuwa na maisha mawili. Ya kwanza kila mtu anayajua, alianza kuigiza, akaja kuongoza michezo, sauti yake ukiisikia kwenye mazoezi unajua leo hakuna kuremba. Ya pili ndiyo yaliyommaliza nguvu, alikaa miaka mingi kwenye uongozi wa sanaa upande wa umma, bodi, kamati za ruzuku, bajeti, barua. Sasa kumkumbuka mwigizaji ni rahisi, kuna picha, kuna video, watu wanacheka wanalia wanaenda nyumbani, lakini yule wa vikao unamwonyeshaje? Nani atamlilia mtu kwa sababu ya muhtasari wa kikao?

Na mimi hotuba sizipendi kabisa. Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, yaani ukibadilisha jina tu unaweza kuisoma kwa marehemu mwingine yeyote na hakuna atakayeshtuka.

Nikamwomba shemeji anionyeshe makaratasi yake. Akaniambia, "Shemeji, chukua yote, mimi siwezi kuyafungua." Humo nikakuta nakala za barua alizowaandikia wasanii walionyimwa ruzuku, na kila barua ina sababu, tena sababu za mchezo wenyewe, sehemu ya pili imelegea, wahusika wanne wanaongea kama mtu mmoja, rudi tena mwakani. Watu wengi kwenye nafasi kama ile wanatuma mistari miwili na muhuri basi. Nikakuta pia jina la Keynes kila mahali pembeni mwa karatasi. Hiyo hadithi alikuwa anawapiga nayo watu wa fedha: kwamba John Maynard Keynes, mchumi mwenzao, alioa mcheza baleti, akasaidia kujenga ukumbi wa maigizo Cambridge mwaka 1936, na ndiye aliyesukuma wazo la Baraza la Sanaa la Uingereza, chombo kinachopewa hela na serikali lakini serikali haikichagulii mchezo wa kuonyesha. Baraza likapata hati yake 1946, mwenyewe akiwa ameshafariki miezi michache kabla.

Wazo lenyewe lilinijia kwa sababu ya mtu mwingine aliyempenda, Augusto Boal wa Brazil. Boal miaka ya 1970 alianzisha maigizo ambayo mtazamaji anasema simama, mchezo unasimama, anapanda stejini anachukua nafasi ya mhusika aliyebanwa na kujaribu njia yake. Baadaye akachaguliwa diwani Rio de Janeiro, akakaa 1993 mpaka 1996, na maigizo hayohayo akayatumia kuokota mawazo ya sheria mitaani, na sheria 13 hivi zikapita kweli. Rafiki yangu alikuwa akisema huyo ndiye bosi wake, wengine ni wa mshahara tu.

Basi tukatunga kipande kifupi, kikao cha bajeti, mtu wa fedha anataka kufuta ruzuku ya vikundi vidogo, mwenyekiti wa sanaa anajitetea anashindwa. Lazima ashindwe, kwa utaratibu wa Boal mchezo ukiisha vizuri nani atapanda? Taa za ukumbini tukaziacha zimewaka ili watu waonane, mwezeshaji akaeleza sheria, hasa moja ambayo watu huisahau: unaruhusiwa kuchukua nafasi ya aliyebanwa, huruhusiwi kumbadilisha anayembana awe malaika ghafla. Tukacheza mara ya kwanza yote bila kukatizwa, halafu tukarudia.

Mwanzoni kimya, nikasema hapa nimejiaibisha. Halafu kijana mmoja mwigizaji akapanda na hasira, akapiga meza, akapiga kelele kuhusu utamaduni na roho ya taifa, na yule aliyeigiza mtu wa fedha (tulimpata mhasibu wa kweli, mstaafu, hatari sana) akamsikiliza mpaka mwisho akamwambia ahsante, tuendelee na ajenda inayofuata. Ukumbi mzima ukacheka. Mwingine akaleta hadithi ya Keynes, akajibiwa, "Kaka, Keynes alikuwa na hela zake." Hapo nikacheka mpaka nikashika ubavu maana hata marehemu nadhani alishajibiwa hivyo zaidi ya mara moja.

Aliyetuweza ni mama mmoja aliyekuwa anaandika mihtasari ofisini kwa marehemu. Akakaa pale kwenye kiti cha mwenyekiti, hakubishana, akauliza tu taratibu, "Naomba iandikwe nani amependekeza kufuta, na sababu aliyotoa." Mhasibu akajaribu kukwepa, akaulizwa tena vilevile, mara ya tatu akasema basi tuahirishe. Waliofanya naye kazi wakaanza kucheka huku wanafuta machozi, kumbe ndiyo ilikuwa mbinu ya marehemu miaka yote na sisi wa upande wa jukwaa hatukuwahi kuijua. Kijana mwenye hasira akamfuata yule mama baadaye wakakaa pembeni muda mrefu sana, anamuuliza muhtasari unasomwaje.

Wasifu tuliusoma, mfupi, mwishoni, na familia ikaridhika japo mjomba wake alitaka hotuba. Zile barua za kunyimwa ruzuku shemeji ameruhusu zipigwe picha, majina tukiyaficha, wanafunzi wa sanaa wazisome. Skripti ya kile kikao ninayo, haina jina lake wala la ofisi yoyote, anayetaka kuitumia aniambie, abadilishe tu kifungu cha bajeti kinachofutwa na atafute mhasibu mgumu, ukiweka mwigizaji laini pale mchezo wote unakufa.