Kuchagua hodhi la bafuni: nilianzia kwenye tangi

Kabla sijakanyaga duka lolote, nilimwita fundi wa bomba apande juu ya paa aniambie tangi letu ni la lita ngapi. Akacheka. "Mama Imani, si ulisema unataka hodhi la kuogea?" Naam, nilitaka hodhi. Lakini sisi tunakaa South C, Nairobi, na maji huku huja kwa zamu. Ratiba ya mgao tunayo tangu 2017, na hata bwawa la Ndakaini, linalolisha jiji, lijae mita zake zote za ujazo milioni 70, mfereji wangu haupati habari.

Tangi ni la lita 1,500. Tuko watano nyumbani, na ukijumlisha kuoga, kupika, kufua na choo, lita 300 kwa siku zinakwenda. Zamu ikichelewa hadi siku ya nne, kinachobaki ni lita 300 hivi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bajeti yangu, hata kabla ya shilingi. Yale mahodhi mapana ya kukaa kwenye pembe, ya watu wawili, yanayopendeza mno kwenye picha, mengine humeza lita 300 kwa mara moja. Mtu mmoja aoge, halafu nyumba nzima ikae ikingoja bauza, lori la maji? Niliyaacha hapo hapo. Ya jakuzi ndiyo kabisa: pampu inataka maji yapite juu ya matundu yake ndipo iwashwe, na mabomba yake ya ndani hubakiza maji yanayohitaji kusafishwa kila mara.

Baada ya tangi, maji moto. Bafu la chini lilikuwa na ile hita ya kwenye kichwa cha shawa, kama nyumba nyingi za Nairobi. Kwa shawa inatosha. Kwa hodhi haifai: hita ya kilowati 5 ikipandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 40 inatoa lita tatu na nusu hivi kwa dakika, kwa hiyo lita 100 ni karibu nusu saa, na yaliyotangulia yameshaanza kupoa. Tukafunga boila ya lita 50. Maji yake yakifika nyuzi 60, ukiyachanganya na lita 50 za baridi unapata lita 100 za nyuzi 40, joto ambalo mwili unalipokea bila kuruka. Umeme wake ni uniti mbili na ushei. Mwenye sola ya paani anaweza kuiruka aya hii, ila asisahau kwamba Julai jua la Nairobi linaweza kujificha siku nyingi.

Sasa, hodhi lenyewe lilikuwa la nani? La mama yangu. Alihamia kwetu kutoka Mombasa, magoti yamechoka, na baridi ya huku ikayamaliza. Nyumba aliyokulia ilikuwa na birika, yaani kijitangi cha maji cha kujengewa, chooni na kata ya kujimiminia. Kujilaza ndani ya maji hakukuwa kwake. Lakini alikuwa ameonja nafuu ya kukanda magoti kwa maji moto kwenye karai, na karai haimtoshi mtu.

Mume wangu ni mrefu, naye alipigia debe hodhi la sentimita 170. Nilikata maboksi ya katoni, moja la 170 kwa 70 na jingine la 150 kwa 70, nikayalaza sakafuni. Mama akaketi juu ya lile refu na kunyoosha miguu: nyayo hazikufika mwisho. Hilo si jambo dogo. Mtu mfupi ndani ya hodhi refu hana pa kukanyagia, anateleza kuelekea chini na maji yanampanda kidevuni, na mzee hana nguvu za kujivuta arudi juu. Kwenye la 150 nyayo zake zilikita. Mjadala ukaisha. "Wewe utaoga umesimama, Baba Imani," Mama akamwambia, naye hakujibu kitu.

Lile fupi pia lina faida ya maji. Lita wanazokutajia dukani ni hadi kwenye tundu la juu la kupunguzia, bila mtu ndani. Hodhi la lita 150 likiwa na mama yangu ndani linataka lita 100 tu, maana mwili unachukua nafasi iliyobaki. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20.

Nilizunguka maduka ya Industrial Area na Mombasa Road nikiwa na futi mkononi na Mama ubavuni. Kitu cha kwanza kupima kilikuwa kimo cha ukingo. Mahodhi mengi hufika sentimita 55 hadi 60 yakishakaa kwenye miguu yake, na goti lililochoka haliruki huko. Nilitafuta lisilozidi 50, nikalipata. Muuzaji mmoja alitusifia hodhi lenye mlango ubavuni, unaingia kama unavyoingia chumbani. Wazo zuri, lakini mlango huo haufunguki maji yakiwamo: unaingia, unafunga, unakaa ukingoja lijae, na ukimaliza unakaa tena umelowa ukingoja liishe. Kwa baridi ya Julai? Asante.

Chuma cha kusubu ni kigumu na hutunza joto, lakini hodhi lake hupita kilo 100 likiwa tupu. La bati la chuma lenye enameli ni jepesi zaidi na bei yake nafuu, ila ukiligusa ni baridi, na enameli ikibanduka kwa kuangukiwa na kitu, kutu inaanzia hapo. Nilichukua akriliki. Haikushtui ngozi, na mikwaruzo midogo unaisugua ikapotea. Lakini akriliki kwa akriliki zinatofautiana. Niliomba hodhi lipinduliwe nione mgongo wake: lililo zuri limepakwa fibaglasi nene, tena lina ubao chini ya sakafu yake. Moja nililibonyeza kwa kiganja likabonyea na kulia "kwakwa", nikaondoka. Mwisho Mama alivua viatu akaingia, akalala na buibui lake, akatazama dari ya duka. "Mgongo umekaa," akasema. Tukaanza kupatana bei, nami nikasisitiza bei hiyo ihusishe miguu, kizibo na bomba la kona la kuzuia harufu, kwa sababu wengine huviuza kando.

Sakafu yake ni bapa, na hilo nililitaka kwa ajili ya shawa iliyo juu yake. Yale ya kusimama katikati ya chumba, yenye matumbo ya mviringo, hayana pa kusimamia vizuri, na maji hurukia kila upande.

Siku ya kufunga nilibishana na fundi juu ya mambo mawili. Alitaka kupaka silikoni ukingoni hodhi likiwa tupu. Nikamwambia alijaze kwanza. Akriliki hushuka kidogo ikielemewa, na silikoni iliyopakwa juu ya hodhi tupu huja kuchanika siku ya kwanza ya kuoga, maji yakapenya nyuma ya vigae. Pili, alitaka kuziba ubavu wote kwa vigae. Nilimwachisha kilango cha kufika kwenye kizibo na viungio, na kiungio kimoja kilipoanza kudondoka tulikikaza kwa mkono bila kuvunja kigae hata kimoja. Vyuma vya kushikilia alivitoboa hadi ndani ya jiwe la ukuta. Vile vya kunyonya kwa mpira sikuvitaka karibu na mama yangu.

Mama huoga humo jioni ya Ijumaa, akamaliza kwa kujimiminia maji safi, mazoea ya kata hayajamtoka. Maji yaliyotumika tunayachota kwa ndoo kuvutia choo. Akiwa ametia chumvi ya magoti, hayaendi kwenye sukuma wiki.