Bundi wa Sokoke na chenga za ISO 25600

Ilikuwa saa nne asubuhi, Agosti 2023, na ndani ya kichaka mlikuwa na kiza kama cha magharibi. Tulikuwa upande wa magharibi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, kwenye udongo mwekundu ambako miti ya Cynometra imefumana hadi mtu anapita kwa ubavu. Mzee aliyekuwa akiniongoza, Mgiriama mwenyeji wa huko, alisimama, akanyoosha kidole polepole. Sikuona kitu. Akanivuta bega nusu hatua kushoto, ndipo nikamwona: bundi mdogo wa Sokoke, urefu wa sentimita kama 16, amejibana kwenye shina akiwa na rangi ileile ya gome.

Ndege huyu alielezwa kisayansi mwaka 1966. Wako wa rangi ya kijivu, wa kahawia na wa wekundu wa kutu, na wote wana michirizi myembamba sana kifuani. Michirizi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea picha inapojaa chenga, yaani vinukta vya ovyo vinavyotokea mwanga ukiwa haba.

Kamera yangu haina kioo cha ndani, ni ya aina ambayo wapiga picha huiita mirolesi, na lenzi ilikuwa ya milimita 500 yenye f/7.1, yaani tundu lake la mwanga si kubwa. Asubuhi ile nilikuwa nimewapiga ndege wanaoruka pembeni mwa msitu, kwa hiyo shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa bado kwenye 1/1000 ya sekunde, na ISO, kiwango cha kamera kupaza mwanga ulioingia, nimeiacha ijipange yenyewe. Nikapiga picha arobaini mfululizo. Kwenye kidirisha cha kutazamia bundi alionekana safi kabisa, mwenye mwanga wa kutosha.

Hapo ndipo kamera hizi zinapompoteza mtu. Kwenye kamera ya zamani yenye kioo, jicho huona mwanga halisi unaopita kwenye lenzi. Kukiwa na kiza, unakiona kiza. Kwenye mirolesi unatazama skrini ndogo, na skrini hiyo huongeza mwanga yenyewe. Kichaka kilichokuwa kiza machoni mwangu kilikuwa cheupe kama uwanja wa mpira ndani ya kidirisha. Nilipofungua picha na kuikuza kwenye uso wa bundi, kifua kilikuwa uji wa nukta nyekundu na kijani. ISO ilikuwa 25600.

Nikaanza kuhangaika na vitufe. Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu haruki mpaka jua litue. Haraka ya nini?"

Alisema kweli. Nilikuwa nikimpiga ndege aliyelala kwa kasi ya ndege anayeruka.

Wengi hudhani ISO ndiyo inayozaa chenga, kisha huifungia kamera isivuke 3200 na kurudi nyumbani na picha nyeusi. Picha hizo zikiangazwa kwenye kompyuta, chenga huwa zilezile au mbaya zaidi. Mwanga hushuka juu ya sensa, kibamba kinachoupokea ndani ya kamera, kama mvua juu ya bati. Mvua ikiwa kubwa, kila bati hulowa sawasawa. Ikiwa manyunyu, bati hili hupata matone matatu na la jirani saba, na tofauti hiyo isiyo na mpango ndiyo chenga. ISO hupaza tu kilichokwisha kuingia. Dawa ni kuingiza mwanga zaidi, na kwa lenzi ambayo tundu lake limeshafunguka lote, njia iliyobaki ni kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi.

Nikaweka lenzi juu ya stendi ya mguu mmoja, nikaegemeza bega kwenye mti, nikashusha shata kwa ngazi, picha kumi kila ngazi. Kwenye 1/250 ISO ilishuka hadi 6400, na karibu zote zilikuwa kali, bila ukungu. Kwenye 1/125, ISO 3200, zikatoka nane. Kwenye 1/60, sita. Kwenye 1/30, ISO 800, zikatoka tatu tu, lakini hizo tatu zilikuwa zimepokea mwanga mara 32 kuliko zile za mwanzo. Usafi hauongezeki kwa kiwango hicho, kwani mwanga ukizidi mara nne chenga hupungua kwa nusu tu. Hata hivyo mara 32 ni sawa na usafi wa mara tano unusu hivi. Kilichoharibu nyingine saba hakikuwa bundi. Ilikuwa mikono yangu na upepo kwenye tawi. Mfumo wa kutuliza mtikisiko huituliza kamera, hauwezi kulituliza tawi, kwa hiyo nikawa nasubiri majani yatulie kwanza. Picha ya kwanza katika kila mfululizo huitupa bila kuitazama, maana kidole kinapobonyeza kitufe huitikisa kamera.

Nilitumia shata ya kielektroniki kwa sababu haina mlio. Ina gharama yake: katika baadhi ya kamera hushusha faili la RAW, yaani picha ghafi, kutoka biti 14 hadi 12, likabaki na ngazi chache za mwanga, na sehemu za giza hupata chenga zaidi. Pia huwapinda ndege wanaokwenda kasi, kwa kuwa sensa husomwa mstari kwa mstari. Kwa bundi aliyelala hasara ya pili haipo, na ya kwanza niliikubali. Mlio wa shata umbali wa mita sita ungeweza kumwamsha. Bundi wa jamii hii akisumbuliwa hujinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, manyoya ya masikio yakasimama, macho yakabaki nyufa mbili. Ukiona hivyo umeshamkaribia mno, na unarudi nyuma. Flashi haikutoka kwenye begi.

Mambo mawili zaidi nusura yaniharibie kazi. Nyuma ya bundi palikuwa na matundu ya mbingu nyeupe kati ya majani, na kipima mwanga cha kamera kilikuwa kikiyahesabu na kumfanya ndege awe mweusi. Nikaongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu, nikaacha mbingu iungue na kuchunga histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga, ya ndege peke yake. Kuhusu fokasi, utambuzi wa jicho ulikuwa ukirukia kijiti kilichokuwa mbele yake. Nikauzima, nikachagua nukta moja ndogo na kuiweka kwenye ukingo wa jicho.

Usiku ule, Watamu, nilifungua kompyuta na kuweka kando kwa kando picha ya ISO 25600 na ya ISO 800. Ile ya 25600 niliipitisha kwenye programu ya kuondoa chenga kwa akili bandia, kipimo 50, kama ilivyokuja. Ilitoka laini, ya kupendeza. Kama singekuwa na nyingine ya kulinganisha ningeiamini. Lakini pale ambapo picha ya ISO 800 ilikuwa na michirizi iliyokatikakatika, ikivukwa na mistari myembamba ya ulalo, programu ilikuwa imechora mistari mirefu iliyonyooka, mizuri, ambayo bundi yule hana. Nikashusha kipimo hadi 20, mistari ya uongo ikapungua, chenga zikarudi. Kwa ndege ambaye watu humtambua kwa manyoya, bora chenga. Chenga za rangi, zile nyekundu na kijani, naziondoa kila mara, hazina habari yoyote ndani yake. Zile za mwanga nazisafisha kwa nguvu kwenye majani ya nyuma tu, kwa barakoa inayokinga sehemu nyingine za picha, na kifua nakigusa kidogo sana.

Iliyonishangaza ni ngazi ya 1/125. Kwa kuwa ndege hakusogea, nilizichukua zile nane kali, nikazipanga moja juu ya nyingine hadi jicho na mdomo vikalingana, nikaiambia programu itoe wastani. Chenga hazikai mahali pamoja kutoka picha hadi picha, manyoya hukaa. Wastani wa picha nane za ISO 3200 una mwanga wa picha moja ya ISO 400. Ilikuwa safi kuliko zile tatu za 1/30, na kali kuzidi zote, na hakuna unyoya uliobuniwa. Kulikuwa na jani moja lililotikisika likatoka na kivuli. Hilo nililifunika kwa kipande cha picha moja.

Hiyo ndiyo niliyoichapisha kwa ukubwa wa A3 na kumpelekea mzee, Gede. Aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akapitisha ukucha juu ya kifua cha bundi bila kuigusa karatasi. "Huyu ni yule wa kijivu," akasema. "Mwenzake mwekundu yuko ng'ambo ya njia. Huyo hujampiga bado."