Mota ya cherehani ilivuka feri bila mimi

Nashona nyumbani, Likoni. Uzi na zipu napata hapahapa mtaani, ila vipuri vya cherehani ni mpaka nivuke kwenda kisiwani Mombasa. Kwenye feri mtu wa miguu halipi kitu, hilo najua, lakini anayeijua foleni ya jioni anajua kilicholipwa. Kwa hiyo nilipoamua kuifunga mota cherehani yangu ya miguu, nikaitafuta kwenye simu.

Kuletewa hadi mlangoni nilikukataa mapema. Mitaa yetu haina namba za nyumba. Anwani yangu ya kuandika ni sanduku la posta. Mtu wa bodaboda hukupigia simu, unamwelekeza, msikiti, kisima, geti la buluu, anapotea, unatoka kumfuata na kanzu ya mteja iko nusu. Halafu akiwa ametokea kisiwani anataka na nyongeza, kwa sababu pikipiki hulipa feri. Nikachagua mzigo uachwe kwenye duka la karibu nikauchukue mwenyewe, na gharama ya usafirishaji ikashuka papo hapo.

Sehemu iliyonichukua muda ni kuchagua duka. Programu ya kuagizia ilinionyesha maduka kadhaa ya Likoni yanayopokea mizigo, na la karibu kabisa na kwangu ni saiba, duka la intaneti, ambayo mwenyewe huifungua akijisikia. Nikaliruka. Nikaenda kutazama jingine karibu na stendi, duka la M-Pesa lenye vocha na vifaa vya simu. Nilichokitafuta kwa macho ni rafu ya mizigo ya watu: hapa ilikuwa nyuma ya kaunta, mbali na bidhaa za kuuzwa, na kila pakiti imeandikwa. Dada wa kaunta nikamuuliza anafunga saa ngapi.

"Saa mbili usiku, mama. Ijumaa mchana tunafunga kwa swala, tunarudi saa nane."

Mwenye jibu la haraka namna hiyo anaijua kazi yake. Nikaagiza siku hiyohiyo.

Maelezo ya bidhaa niliyasoma yote, maana umeme wetu Kenya ni volti 240 na mota nyingi za cherehani ndogo zinatengenezwa za aina mbili: za volti 220 hadi 240, na za 110 kwa nchi kama Marekani. Ukiichomeka ya 110 hapa, utanusa moshi kabla hujamaliza pindo. Tangazo lilisema 220.

Mzigo ulipofika nilipata ujumbe wenye namba ya siri na tarehe ya mwisho ya kuuchukua. Ukipita hapo unarudishwa kwa muuzaji. Utaratibu wao ni kulipa kwanza, kisha kufungua. Nililipa kwa namba ya till iliyobandikwa kaunta, nikisubiri jina la biashara litokee kwenye skrini ndipo niweke PIN. Kuna ujumbe mwingine huzunguka, eti mzigo wako umekwama, tuma ada kidogo kwa namba ya mtu binafsi. Huo futa.

Nikaomba mkasi, nikafungulia palepale huku dada akirekodi kwa simu yangu. Mkanda upo, kikanyagio kipo. Nikaigeuza mota kusoma kibandiko: 110V.

"Mama, usiitoe hapa," dada akasema, akavuta daftari. Akaandika sababu, akaupiga picha ule ubavu wenye kibandiko, mzigo ukafungwa upya na kurudi rafuni, upande wa marejesho. Kama ningeifungua nyumbani ingebaki kuwa neno langu na la muuzaji. Hela ilirudi kwenye M-Pesa, si haraka kama ilivyotoka, lakini ilirudi kamili. Muuzaji mwingine akanitumia ya volti sahihi, na sasa miguu yangu imepumzika.

Tangu hapo bobini, sindano, mikanda na hata mkasi wa kukatia naviagiza. Kitambaa, hapana. Leso na satini naendelea kuzifuata Mtaa wa Biashara, nizishike, nizivute dhidi ya jua. Picha ya simu haina uzito wa kitambaa, na rangi ya mkunazi kwenye skrini huja ikiwa kahawia ya ajabu.

Nikizidiwa na kazi humtuma kijana wangu. Namba ya siri simpi mapema. Akishafika kaunta ananipigia, naisoma, dada anaiandika. Yeyote mwenye namba ile ndiye mwenye mzigo, na watoto wanapoteza simu. Kwa vitu vizito ndiyo siwezi kusifia duka. Jirani yangu aliagiza kichwa cha cherehani cha chuma akitaka kuokoa ile tofauti ya usafiri, akaishia kumlipa mtu wa tuktuk kutoka stendi hadi kwake, na hesabu ikatoka sawasawa na kuletewa mlangoni.