Siku trekta lilipoota mkia wa zege

Trekta lilikuwa jipya kabisa, kiti bado kina nailoni, na mimi tayari kichwani nimeshaanza kulibadilisha. Ni yale madogo ya nguvu ya farasi 25, halina klachi ya kuhangaika nayo, unakanyaga pedali moja linaenda mbele ukikanyaga nyingine linarudi, kijiko mbele, mikono mitatu nyuma ya kuungia vifaa, na ile shafti ya kuzungushia mashine inayokwenda mizunguko 540 kwa dakika. Kwa eneo lenye mteremko na visiki na miti inayoanguka kila upepo ukija vibaya, linatosha sana.

Sasa aliyelileta alikuwa ananionyesha linavyofanya kazi, akachota udongo uliolowa, akanyanyua kijiko mpaka juu halafu akakata kona akiwa kwenye mteremko. Tairi la nyuma likaacha ardhi. Kidogo tu, upana wa vidole viwili hivi, likarudi chini. Yeye akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo, na pale pale nikajua kitu cha kwanza kuongeza ni uzito, mengine yote yatasubiri.

Bamdogo hakukubali. Bamdogo ni fundi wa kuchomelea, mtu wa kutoboa kwanza halafu ndo anauliza tunatoboa nini (namsema kwa upendo). Siku ya kazi alifika asubuhi na mashine yake ya weldi, grenda, drili na boksi la taa nne za LED alizozinunua mwenyewe bila kutumwa na mtu. Hata salamu hatujamaliza, "Mwanangu tuanze na taa, giza likiingia utafanyaje kazi?" Nikamwambia bamdogo, hili mchana kweupe linanyanyua mguu, usiku si ndo litalala kabisa.

Akasema basi tujaze maji tairi za nyuma yaishe. Wazo si baya, watu wengi wanafanya, unajaza mpaka kama robo tatu ya tairi halafu juu unaacha upepo, na uzito unakaa chini kabisa kwa hiyo trekta linatulia. Lakini maji kwenye tairi yanakaa pale pale kwenye ekseli ya nyuma, hayapunguzi kitu kwenye ekseli ya mbele, na ekseli ya mbele ndo inayoteseka kijiko kikijaa. Uzito ukining'inia nyuma ya tairi za nyuma, huko nje kabisa, unavuta kule na mbele kunapata nafuu, hapo unakuwa umetibu magonjwa mawili kwa dawa moja. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliwazi, breki za haya matrekta madogo kwa kawaida ziko nyuma, sasa unashuka mteremko kijiko kimejaa, tairi za nyuma ni nyepesi, umeweka gia ya magurudumu mawili tu, unakanyaga breki unashikilia nini?

Bamdogo akanyamaza, na kwa anayemjua huko ni kukubali.

Uzito wenyewe ni wa zege, nilishalimwaga wiki kadhaa nyuma ili likomae. Pipa la lita 200 nililikata nusu, nikapitisha chuma cha mviringo cha milimita 22 upande mpaka upande karibu na chini kwa ajili ya mikono miwili ya chini, juu nikasimamisha bapa mbili zenye tundu kwa ajili ya toplinki (ule mkono wa tatu, wa juu), ndani nondo, nikajaza. Zege mita moja ya ujazo ina karibu kilo 2400, kwa hiyo lita 100 ni kama kilo 240, na nilikuwa nimeshaangalia kwenye kitabu cha trekta kwamba mikono ya nyuma inabeba hizo bila shida.

Kuliunga sasa, hapo ndo raha. Unarudi nyuma taratibu mpaka mikono inakutana na chuma, unashuka, unaingiza mkono wa kushoto kwanza kwa sababu ule wa kulia ndo unaorekebishika urefu kwa kuzungusha, unachomeka kipini cha kuzuia usitoke, mwisho toplinki unaizungusha mpaka tundu zinalingana. Huyu Harry Ferguson aliyebuni huu mfumo wa mikono mitatu apewe maua yake, trekta la Ford 9N lilitoka nao mwaka 1939 na mpaka leo yangu inafuata mpangilio ule ule. Nikanyanyua lever, zege likapaa, na tairi za nyuma nikaziona kabisa zimebonyea kidogo kwenye udongo.

Baada ya hapo nikamwachia bamdogo uwanja wake, kulabu za kijiko za kushikia mnyororo. Alitaka moja kubwa katikati. Nikamwambia hapana, mdomo wa juu wa kijiko ni bati jembamba, katikati ukivuta unakunja, tuweke mbili na kila moja ikae usawa wa mkono unaobeba kijiko. Kwanza tukachomoa betri. Bamdogo akachukua grenda akakwangua rangi mpya kabisa (moyo uliniuma) mpaka chuma kikawa cheupe, akachomelea kwanza bapa nene ya kusambaza nguvu, kulabu ikaja juu yake. Waya wa arthi akaubana pale pale kwenye kijiko, karibu na anapochomelea, umeme usije ukapita kwenye pini na silinda za haidroliki ukaziunguza. Hapa sikumfundisha mtu, hii kazi anaijua kuliko mimi. Kulabu zenyewe ni zile zenye mdomo mwembamba, pingili moja ya mnyororo inaingia kwa ubavu na inayofuata inakwama, mnyororo hauendi popote.

Vyuma vilipopoa, betri ikarudi, tukaenda kwenye gogo lililokuwa limeziba njia. Mnyororo ukazungushwa, nikaweka gia ya magurudumu manne, nikanyanyua. Gogo likatoka ardhini, nikalibeba chini chini, kimo cha goti tu, maana mzigo ukiupandisha juu kwenye mteremko unatafuta msiba. Nikakata kona ile ile ya aliyelileta. Tairi zote nne chini. Bamdogo alikuwa anatembea kwa mbali ameinama anaangalia tairi la nyuma kama refa wa ngumi, akaninyooshea dole gumba.

"Haya, sasa taa," akasema, na drili alishaishika, anaelekea kwenye ile fremu ya chuma nyuma ya kiti. Nikaruka. Fremu ile haitobolewi na haichomelewi, ndo inayokuokoa trekta likipinduka, ukishaitoboa hakuna tena anayejua itahimili nini. Tukatumia vibano vya kuzungushia bomba. Waya tukautoa kwenye betri kupitia fyuzi ya ampia 10 na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), taa zenyewe wati 18 kila moja, kwa hiyo zote nne ni kama ampia 6, betri haisikii kitu.

Tulipomaliza giza lilikuwa limeshaingia, yaani wakati aliokuwa anausubiri toka asubuhi. Akaniomba nishuke, akapanda yeye. Nikamwambia bamdogo mkanda. Akasema naenda hapo tu. Nikasimama mbele ya trekta nikakunja mikono. Akaufunga huku amenuna, akawasha taa zote nne zikanipofusha, akaondoka na mkia wake wa zege kutafuta kisiki chochote cha kung'oa.