Nyama Iliyorudishwa Bakulini

Juzi mwanangu mdogo aliniuliza kwa nini ninachoma tangawizi na kitunguu motoni mpaka viwe vyeusi kabla ya kuvitia kwenye sufuria ya mifupa, ilhali mama yake akiunguza kitunguu hunisikia nikilalamika. Nilimjibu kwamba ndivyo supu inavyopata rangi na harufu yake. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote.

Ilikuwa Houston, Marekani, katika ile baridi nilipokuwa bado ninafanya kazi ya usiku ghalani, kabla familia haijanifuata. Asubuhi moja, nikisubiri basi Bellaire Boulevard, nilinusa mdalasini na karafuu kutoka kwenye mgahawa mdogo wa Kivietnamu, na pua ikaniongoza ndani. Pho, supu yao ya tambi na nyama, nikaitamka vibaya, mhudumu akatabasamu, nami nikaonyesha kwa kidole bakuli la jirani.

Kwanza ililetwa sahani ya majani: chipukizi za choroko, ndimu, pilipili mbichi na vitawi vya rehani. Kwetu Tanga rehani huingia kwenye kikuba, si kinywani, hivyo niliisogeza pembeni kwa heshima. Kisha likaja bakuli la tambi za mchele, na juu yake vipande vya nyama vyembamba kama karatasi, vyekundu, vibichi. Mimi niliyelelewa katika nyumba ambayo nyama haikuliwa mpaka iachane na mfupa, nikavitoa kimoja kimoja, nikavipanga ukingoni mwa sahani, nikaanza kunywa mchuzi mtupu.

Bibi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akichambua majani kwenye meza ya nyuma, aliinuka. Hakusema neno, pengine aliona hatuna lugha ya kugombania. Alilichukua bakuli langu, akalirudisha likiwa na mchuzi mpya unaofuka mvuke, akashika vijiti na kukizamisha kipande kimoja. Nikautazama wekundu ukififia kuanzia ukingoni, nyama ikageuka kijivu kabla sijahesabu hadi kumi. Akazamisha cha pili, akazamisha cha tatu. Kisha akapukusa majani ya rehani, akakamua ndimu, akasimama mikono nyuma mpaka nilipoonja. Nilikuwa na miaka 34, sijalishwa na mtu tangu nitoke kwetu, na sikujua kama nishukuru au nione haya. Nilifanya yote mawili, mdomo umejaa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba nyama ile hukatwa mbichi makusudi ili iivie mezani, na kwamba pho yenyewe ni ya kaskazini mwa Vietnam, ila sahani ile ya majani ni desturi ya kusini, walikotoka wengi waliokimbilia Marekani baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka vitani mwaka 1975. Nikawa mteja wa kila Jumamosi.

Siku moja, sijui ni upweke au utundu, nikavitoa tena vipande vya nyama, nikavipanga ukingoni mwa sahani, nikasubiri. Bibi alinitazama kutoka meza ya nyuma, kisha akaendelea kuchambua majani yake.