Siri ya intaneti yangu kukatika Kisauni

Wiki mbili intaneti yanikatikia kila jioni, nikiwapigia simu kampuni ya intaneti jibu ni lile lile: "Zima ruta, washa." Nikachoka. Nikaiacha kompyuta ipige pingi, yaani itume ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", usiku kucha, moja kwa ruta, nyingine nje kwa 8.8.8.8, anwani ya Google mtandaoni, na kuandika saa kila jibu likikosekana. Asubuhi naangalia: ruta imejibu zote, ya nje imepotea mara 43, nyingi mvua iliponyesha. Kumbe si waifai! Nikawatumia picha ya orodha. Fundi kaja, kapanda darini, kakuta kichwa cha waya wa antena ya intaneti kimeliwa na kutu. Chumvi ya bahari hii! Na kebo ya TEAMS, ile ya intaneti ipitayo chini ya bahari, imetua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Mama watoto auliza kama leo nitalala.