Siku yangu moja bondeni Uvinza: unyevu, chumvi na udongo mweusi

Kazi yangu ni kupima udongo wa mashamba. Saa 12 asubuhi natafuta bodaboda. Mkobani nina kipima unyevu, kipima chumvi, vikopo vyenye mifuniko na maji ya betri. Yale masafi ya kuongezea jamani, si asidi.

Saa 1:30 nipo bondeni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Njoo uone maharage yangu." Kingo za majani zimekauka ilhali mtaro una maji. Uvinza zao likiharibika tunashuku chumvi, na si bure: jirani na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi maji ya chumvi hububujika ardhini, na watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hadi saa 5 ndiyo kazi yenyewe. Udongo huu ni mafunjo yaliyooza. Ukiufinya, maji yanachuruzika. Kipima unyevu kilichotengenezewa mchanga na mfinyanzi hapa husoma chini ya unyevu halisi, kwa hiyo nina jedwali la kusahihishia. Chumvi ina hila zaidi. Kipima kikichomekwa, umeme hupita kwenye maji. Tuta likikauka namba hushuka hata kama chumvi imejaa. Leo juu ya tuta kimesoma kidogo, kando ya mtaro kikasoma kikubwa. Ukiishia hapo utaulaumu mtaro.

Nikachota udongo wa pande zote mbili, kikombe kimoja kwa vitano vya maji. Kwa ujazo, maana ukienda kwa gramu udongo huu hunywa karibu maji yote. Nikatikisa, ukatulia, na majibu yakageuka: chumvi iko juu ya tuta. Maji hupanda, hukauka juani, chumvi hubaki. Maharage huanza kupunguza mavuno ikipita desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa njia ya umeme) kwenye maji ya udongo uliolowa kabisa. Mpunga huvumilia hadi 3.

Mwanawe alitaka mtaro uchimbwe zaidi. Nikakataa katakata. Udongo huu ukikaushwa mno husinyaa, shamba hudidimia, kisha hata maji huyakataa. Moto ukiingia hufuka chini kwa chini.

Saa 7 ugali na migebuka.

Saa 9 ofisini, vikopo vinaingia kwenye tanuri, nyuzi 105, hadi kesho. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kaona unyevu wa "asilimia 300" daftarini, akacheka. Ni sahihi: tunalinganisha maji na udongo mkavu.

Saa 11 nampigia mama. Amwagilie kwa wingi chumvi ishuke, afunike kwa nyasi, na mbegu zijazo azipande ubavuni mwa tuta. Akauliza kuhusu mpunga kule kwenye maji. Nikamwambia apande.